Losheni ya retinoidi kwa chunusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza maswali haya huja kwenye kaunta ya dawa na tyubu mkononi, baadhi yao siku ya nne tu tangu waanze, wakilalamika kwamba dawa imewaunguza uso. Nikiwauliza wamepaka kiasi gani na mara ngapi, mara nyingi jibu la tatizo linapatikana hapohapo. Dawa hii inafanya kazi, ila haipendi haraka. Pale ambapo maelezo ya daktari wako au ya karatasi iliyomo kwenye boksi yanatofautiana na haya, fuata hayo.

Hii losheni ni dawa gani hasa?

Retinoidi ni ukoo wa dawa zinazotokana na vitamini A, au zilizotengenezwa zifanye kazi kama vitamini A. Za kupaka zinazotumika sana kwa chunusi ni nne: tretinoini, adapaleni, tazaroteni na trifaroteni. Kongwe kati ya hizo ni tretinoini, ambayo Marekani iliidhinishwa mwaka 1971 kufuatia kazi ya Albert Kligman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Adapaleni ilifuata 1996, tazaroteni 1997, na trifaroteni 2019.

Waliotumia tretinoini za zamani, hasa zile za maji zenye spiriti, wanazikumbuka kwa jinsi zilivyokausha uso. Losheni ni nyepesi, husambaa vizuri, na nyingi zina vilainishi ndani yake. Losheni ya tretinoini ya asilimia 0.05 ilitoka 2018, na ya tazaroteni ya asilimia 0.045 ikaidhinishwa 2019. Ipo pia ya adapaleni ya asilimia 0.1. Kabla hujaendelea kusoma, angalia tyubu yako ujue una ipi. Jina la biashara huandikwa kwa herufi kubwa. Jina la dawa yenyewe liko chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na asilimia. Hilo la herufi ndogo ndilo la kukumbuka, kwa sababu dawa hizi nne hazilingani ukali wala masharti.

Inafanyaje kazi?

Chunusi unayoiona leo ilianza wiki kadhaa zilizopita. Ndani ya kinyweleo, seli zilizokufa ambazo zilipaswa kung'oka moja moja na kutoka nje hugandamana, zikachanganyika na mafuta ya ngozi, na kutengeneza kizibo kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kizibo hicho kikikua, kinakuwa kichunusi cheupe au cheusi. Bakteria wakistawi humo na mwili ukaanza kupambana, kinageuka kuwa chunusi nyekundu yenye maumivu au usaha.

Retinoidi huingia hadi kwenye kiini cha seli na kushika vipokezi vinavyoamua seli ikomae vipi. Matokeo yake ni kwamba seli huacha kugandamana, vizibo vya zamani hulegea, vipya havipati nafasi, na uvimbe nao hupungua. Kwa maneno mengine, kazi yake kubwa iko kwenye chunusi ambazo bado hazijatokea. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali yanayofuata yanajijibu.

Nipake juu ya chunusi tu, au uso mzima?

Eneo lote linalotoa chunusi. Kama ni uso, basi uso wote isipokuwa macho, midomo, ndani ya pua na kona za pua. Anayegusa kichunusi kimoja kimoja anatibu cha jana na kuacha vya wiki ijayo vikiendelea kujipanga.

Kiasi gani?

Punje moja ya njegere kwa uso mzima. Najua inaonekana ndogo. Kila ninayemwonyesha kwenye ncha ya kidole huniangalia kama namtania.

Fanya hivi: kamua hiyo punje kwenye ncha ya kidole cha shahada. Gusa paji la uso, shavu la kulia, shavu la kushoto, pua, kidevu, kila sehemu nukta moja. Kisha sambaza kila nukta kuelekea nje, taratibu, hadi isionekane. Uso ukibaki mweupe au unateleza, umezidisha. Usiisugue. Ukimaliza nawa mikono, maana kidole chenye dawa ndicho kitakachofikicha jicho saa saba usiku.

Kuna hesabu ninayoipenda. Punje ya njegere haizidi nusu gramu. Tyubu ya gramu 45, hata ukipaka kila usiku bila kuruka, inapaswa kufika miezi mitatu. Mtu akirudi kuchukua tyubu ya pili baada ya wiki tatu, sihitaji kuutazama uso wake kujua hali ilivyo. Kuzidisha hakuharakishi kupona hata kidogo. Kinachoongezeka ni kubabuka tu.

Nianze vipi? Daktari ameandika "kila usiku".

Kila usiku ndiko mnakoelekea, na kama ngozi yako ni ya mafuta na ngumu, unaweza kuanza hapo moja kwa moja. Kwa wengine wengi, hasa wenye ngozi kavu au inayowasha upesi, huwa nashauri wamwombe daktari ruhusa ya kupanda ngazi: usiku mmoja kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili za kwanza, kisha usiku mmoja kupaka na mmoja kupumzika kwa wiki mbili nyingine, halafu kila usiku kama ngozi imetulia. Asiyeweza kuvuka usiku mmoja kwa mwingine abaki hapo. Mara tatu kwa wiki kwa miezi sita ina faida kuliko kila usiku kwa siku tisa kisha tyubu ikatupwa droo.

Usiku wenyewe uwe hivi. Osha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato makali na maji ya uvuguvugu, kwa vidole, bila dodoki. Kausha kwa kugandamiza taulo, si kufuta. Acha ngozi ikauke kabisa, kisha paka.

Ni lazima nisubiri dakika 20 au 30 baada ya kunawa?

Ushauri huo ulitoka enzi za tretinoini kali, kwa kuwa ngozi yenye majimaji hunyonya dawa zaidi na kuwasha zaidi. Losheni nyingi mpya hazidai kusubiri kiasi hicho. Ila kama uso wako huchoma kila ukipaka, jaribu kusubiri, hakuna unachopoteza.

Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe kabla au baada?

Vyovyote vile, almradi yapakwe. Ngozi iliyozoea hupaka dawa kwanza, mafuta yakafuata dakika chache baadaye. Ngozi inayosumbuka hubadilisha: mafuta mepesi kwanza, dawa katikati, mafuta tena juu. Mfumo huu wa tabaka tatu hupunguza makali ya dawa kidogo, na kwa miezi miwili ya mwanzo hilo ndilo tunalolitaka.

Chagua mafuta au krimu isiyo na harufu na ambayo imeandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Paka jeli safi ya petroli, tone dogo tu, kwenye kona za pua, kona za mdomo na chini ya macho kabla ya dawa. Hapo ndipo losheni hukimbilia na kujikusanya. Niliwahi kumwona kijana aliyekuwa na uso mzuri kabisa isipokuwa mistari miwili miekundu iliyochanika pembeni mwa pua. Hakuwa akipaka dawa huko, dawa ilikuwa ikiteremka yenyewe akiwa amelala. Jeli ya petroli ilimaliza tatizo ndani ya siku nne bila kuacha dawa.

Nina wiki ya tatu na uso umezidi kuharibika. Niache?

Hapana, si kwa sababu hiyo peke yake. Kati ya wiki ya pili na ya sita ni kawaida baadhi ya watu kuona chunusi zikiongezeka. Vile vizibo vilivyokuwa vimejificha vinasukumwa juu kwa pamoja. Muda huohuo ndio ngozi inapokauka, kutoa magamba mepesi na kuwa nyekundu au, kwa ngozi nyeusi, kuwa na rangi ya kijivujivu iliyofifia. Mtu anajiona vibaya mara mbili kwa mpigo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi kuzungumza.

Jipe wiki 12 kabla ya kuhukumu. Piga picha siku ya kwanza, mahali pamoja, mwanga uleule, na nyingine kila baada ya wiki nne. Kioo cha kila asubuhi kinadanganya.

Nitatofautishaje mwasho wa kawaida na madhara ya kweli?

Kawaida: kuchoma kidogo kwa dakika chache baada ya kupaka, ukavu, magamba membamba, ngozi kuvuta. Hivi hupungua mwezi wa kwanza ukielekea kuisha.

Punguza au pumzika siku mbili tatu: uso unauma hata ukinawa kwa maji matupu, ngozi inang'aa kama imekazwa, mafuta ya kawaida nayo yanachoma, magamba yanatoka vipande. Rudi tena kwa usiku mmoja baada ya siku mbili, ngozi ikiwa imetulia.

Acha na umwone daktari: malengelenge, ngozi inayotoa maji au kuganda ukoko, uvimbe wa uso, vipele vya mzio vinavyosambaa nje ya eneo ulilopaka. Macho, midomo au ulimi vikivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura. Nenda hospitali wakati huohuo.

Kwa nini ninaambiwa nipake usiku, na jua lina shida gani?

Usiku, kwanza kwa sababu tretinoini nyingi huharibika zikipigwa na mwanga. Pili, retinoidi hupunguza unene wa tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, kwa hiyo ngozi huungua na jua kwa wepesi, hasa miezi ya mwanzo. Usipake kabisa juu ya ngozi ambayo tayari imeunguzwa na jua, subiri ipone.

Mchana, kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga), inayozuia miale ya UVA na UVB, aina mbili za miale ya jua zinazodhuru ngozi. Kwa uso na shingo kamua mistari miwili inayofuata urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili. Kofia pana inasaidia kuliko watu wanavyoipa heshima. Kama unatumia pia doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, zingatia zaidi, maana nayo huifanya ngozi iungue upesi.

Ngozi yangu ni nyeusi. Je, dawa hii itaniachia madoa?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu lina pande mbili.

Ngozi yenye rangi nyingi hujibu jeraha lolote, hata dogo, kwa kumwaga rangi zaidi. Ndiyo maana chunusi ikiisha kwako inabaki alama nyeusi inayokaa miezi, wakati mwingine kumsumbua mtu kuliko chunusi yenyewe. Retinoidi husaidia alama hizo kwa njia mbili: huzuia chunusi mpya zinazozileta, na huharakisha seli zenye rangi kupanda juu na kung'oka. Matokeo ya madoa huja polepole kuliko ya chunusi. Hesabu miezi, si wiki.

Upande wa pili ni kwamba dawa yenyewe ikiunguza ngozi, ule mwasho nao ni jeraha. Mtu mweusi anayepaka kwa pupa, akababuka, akaendelea kupaka juu ya ngozi iliyobabuka, anaweza kujipatia madoa mapya kwa dawa iliyoletwa kuyaondoa. Kwa hiyo ule ushauri wa kuanza taratibu, ambao kwa mtu mweupe ni wa kumpunguzia usumbufu, kwako ni sehemu ya tiba.

Na usidanganywe kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua. Haiungui upesi, ndiyo, lakini mwanga unaongeza weusi wa madoa, tena hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Kinga za jua zenye rangi ya udongo, ambazo huwa na oksaidi za chuma, hukinga mwanga huo vizuri zaidi na hazikuachii uso wa kijivu.

Nichanganye na dawa gani, na nisichanganye na nini?

Benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ni rafiki mzuri wa retinoidi, lakini huharibu tretinoini za kawaida zikikutana. Tumia benzoili peroksaidi asubuhi, tretinoini usiku. Adapaleni haiathiriki, na hata ipo dawa iliyochanganya zote mbili. Kumbuka benzoili peroksaidi huchujua rangi ya vitambaa. Foronya na taulo ziwe nyeupe.

Antibiotiki ya kupaka au ya kumeza mara nyingi huandikwa pamoja na retinoidi. Fuata muda ulioandikiwa na usiongeze wiki zako mwenyewe.

Acha kando, angalau mpaka ngozi izoee: asidi ya salisiliki, asidi ya glaikoliki, salfa, sabuni za kusugua zenye chembechembe, maji ya uso yenye spiriti, limau. Hasa limau. Kila mtu ana shangazi aliyemshauri limau.

Krimu za kung'arisha ngozi zisizo na maelezo kamili ni habari nyingine kabisa. Nyingi huwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) kwa kipimo kisichojulikana, au hata zebaki. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huleta chunusi zake yenyewe, hukonda ngozi, na ukiiacha uso hulipuka. Kama umekuwa ukitumia, mwambie daktari kabla ya kuanza retinoidi. Hakuna atakayekushangaa, tunakutana nalo kila wiki.

Nina mimba, au natafuta mimba. Itakuwaje?

Usitumie. Isotretinoini ya kumeza, ambayo ni ya ukoo huuhuu, inajulikana wazi kuharibu mtoto tumboni. Zile za kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, lakini kwa kuwa chunusi haiui na zipo dawa nyingine, hakuna sababu ya kubahatisha. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisisitiza kwamba retinoidi za kupaka zisitumiwe na wajawazito wala wanaopanga kupata mimba.

Tazaroteni ina masharti makali zaidi: ni marufuku wakati wa mimba, kipimo cha mimba hufanywa ndani ya wiki mbili kabla ya kuanza, dawa huanzwa wakati wa hedhi, na mwanamke anayeweza kushika mimba huhitaji njia ya uhakika ya uzazi wa mpango muda wote anaoitumia.

Na kama umegundua una mimba ukiwa tayari unapaka? Acha leo, mwambie daktari, na usijitese. Tafiti zilizofuatilia wanawake waliopaka tretinoini mapema katika mimba bila kujua hazikuonyesha ongezeko la wazi la kasoro za kuzaliwa, ingawa idadi yao haikutosha kusema kwa uhakika kwamba hakuna hatari. Daktari atakubadilishia, kwa mfano asidi ya azelaiki.

Nanyonyesha je?

Zungumza na daktari kwanza. Akikuruhusu, usipake kifuani wala mahali ambapo mdomo au shavu la mtoto litagusa, na nawa mikono kabla ya kumshika.

Binti yangu ana miaka 11. Anaruhusiwa?

Inategemea dawa. Kwa vibali vya Marekani, losheni za tretinoini na tazaroteni zinatumika kuanzia miaka 9, na ya adapaleni kuanzia 12. Uamuzi ni wa daktari aliyemwona mtoto. Mzazi akague kiasi kinachopakwa, kwa sababu watoto wa umri huo wanaamini mengi ndiyo bora.

Dada yangu anayo na imemsaidia. Naweza kutumia yake?

Hapana. Huenda yake ni tazaroteni na wewe ngozi yako inahitaji adapaleni. Huenda wewe una pumu ya ngozi, ambayo retinoidi huichokoza. Huenda una mimba ambayo dada haijui.

Nina mzio wa samaki, hilo linahusu?

Linahusu, ajabu kweli. Losheni ya tretinoini iitwayo Altreno ina protini za samaki, na maelezo yake yanawataka wenye mzio huo wachukue tahadhari. Mtaje huyo samaki kwa daktari na kwa mfamasia.

Nimesahau kupaka jana.

Endelea usiku wa leo kama kawaida. Usipake mara mbili kufidia.

Naweza kunyoa au kung'oa nywele kwa nta?

Nta usoni ukiwa bado unapaka dawa, usithubutu. Ngozi iliyo kwenye retinoidi inaweza kung'oka pamoja na nywele ikaacha kidonda kibichi, mara nyingi juu ya mdomo au kwenye nyusi. Wanaopaka dawa hizi huacha siku kadhaa kabla ya nta, na muda kamili muulize daktari wako. Wembe unawezekana: nyoa asubuhi, tumia povu, usirudierudie, na kama ngozi inachoma ruka dawa usiku huo. Mwambie pia anayekuhudumia saluni au anayekufanyia matibabu yoyote ya kuchubua uso kwamba unatumia dawa hii. Yeye hawezi kujua kwa kukutazama.

Imeingia jichoni. Mtoto ameila.

Jicho: osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, vua lenzi kama umevaa, na ukiona wekundu au maumivu hayaishi, mwone daktari. Mtoto aliyemeza: usimlazimishe kutapika, mpeleke kituo cha afya na tyubu yenyewe, ili waone ni dawa gani na imepungua kiasi gani.

Wiki 12 zimepita na sioni tofauti. Sasa?

Kwanza tuulizane ukweli: ulipaka usiku mangapi kati ya 84? Kama ni chini ya nusu, jaribio bado halijafanyika.

Kama ulipaka sawasawa, yako mambo kadhaa ya kumpelekea daktari. Vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha, vilivyojaa paji la uso, kifua au mgongo vinaweza kuwa ni fangasi wa vinyweleo, na hawa hawajali retinoidi. Chunusi za kidevu na taya zinazolipuka kila mwezi kabla ya hedhi, hasa zikiandamana na hedhi zisizo na mpangilio au nywele kuota kidevuni, huashiria homoni. Mafuta ya nywele yanayotiririka kwenye paji la uso huziba vinyweleo. Baadhi ya dawa za kumeza nazo huleta chunusi, steroidi zikiwa za kwanza kwenye orodha. Na chunusi za vinundu, kubwa, zenye maumivu, zinazoacha mabonde, hazipaswi kusubiri wiki 12 za losheni pekee. Hizo mapema ziende kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kovu likishajichimba halirudi kwa krimu.

Uso umesafika. Niache?

Ukiacha ghafla, vile vizibo visivyoonekana huanza kujijenga upya, na baada ya wiki au miezi chunusi hurudi. Kwa hiyo wengi huendelea na retinoidi peke yake, kila usiku au mara tatu kwa wiki, wakati antibiotiki na nyinginezo zimeshaachwa. Ni muda gani? Kwa baadhi mwaka, kwa wengine mpaka umri wa chunusi upite. Ngozi haiizoei dawa hii kiasi cha kukataa kufanya kazi, na haikondi kama wengi wanavyoogopa. Tabaka la juu la seli zilizokufa ndilo linalopungua; ngozi hai chini yake hunenepa kidogo.

Retinoli ya duka la vipodozi si ndiyo hiyohiyo?

Ni binamu wa mbali. Retinoli lazima igeuzwe na ngozi mara mbili kabla ya kuwa asidi ya retinoiki, ambayo tretinoini ni yenyewe tayari, kwa hiyo ni dhaifu zaidi. Usizitumie zote mbili usiku mmoja ukidhani unaongeza nguvu. Nchini Marekani adapaleni ya jeli ya asilimia 0.1 inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2016, lakini hiyo ni retinoidi kamili na masharti yote ya hapa yanaihusu.

Niitunze wapi?

Mahali pakavu, pasipo na joto kali, kifuniko kimefungwa, mbali na watoto. Si dirishani, si kwenye gari, si kwenye friji. Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua tyubu. Ikibadilika rangi au harufu, au maji yakijitenga na losheni unapokamua, irudishe ulikoichukua wakuangalizie.